Mume wangu ana homa ya ini B, anataka kuacha tembe achome interferoni. Naomba ushauri

Mama Rukia, Arua
Wapendwa, habari zenu. Mume wangu ni dereva wa lori, kazi yake ni Kampala na Elegu. Alienda kujitolea damu, wakamwambia ana homa ya ini B. Miezi sita baadaye alipima tena, bado ipo. Sasa anameza tenofovia kila usiku, anaipata bure hospitali ya serikali, na hasikii maumivu yoyote.

Lakini kuna rafiki yake amemwambia tembe ni za kutuliza tu, na kwamba interferoni inaamsha kinga na kufagia virusi vyote. Juzi kaja na kichupa kimeviringishwa gazeti ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki), na joto la huku mnalijua. Muuzaji anadai pesa iliyobaki kabla ya Ijumaa. Hii interferoni ni nini hasa? Na kama mwili unaitengeneza wenyewe, mbona haijamponya?

Muuguzi wa Lira
Dada yangu, kwanza kabisa: asiache tembe. Anayekatisha tenofovia ghafla virusi vinaweza kufumuka upya na ini likawaka, na wapo ambao ini limefeli kabisa. Na hicho kichupa asikiguse. Interferoni inatunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, tangu kiwandani mpaka kwa mgonjwa.

Okello wa Maabara
Niongezee kwenye swali la pili, maana wagonjwa wengi wanabaki nalo moyoni.

Interferoni ni protini ambayo seli iliyovamiwa na virusi huitoa ili kuzitahadharisha seli jirani. Isaacs na Lindenmann waliigundua London mwaka 1957, wakifanya kazi na virusi vya mafua kwenye utando wa mayai ya kuku. Jirani akipata ujumbe huo huwasha jeni zinazozuia virusi kuzaana. Iko kwenye kundi kubwa la molekuli za ujumbe zinazoitwa saitokini.

Sasa kirusi cha homa ya ini B ni mjanja: kinaingia kwenye ini kimyakimya, na mwanzoni seli karibu hazitoi interferoni kabisa. Kazi kubwa inakuja kufanywa baadaye na seli T, ambazo ni askari wa kinga ya mwili. Hizi zinaua seli zilizoambukizwa, lakini pia zinamwaga interferoni ya aina ya gama na saitokini nyingine iitwayo TNF, na molekuli hizo zinazima virusi bila kuiua seli ya ini. Mwaka 1999 kundi la Guidotti na Chisari huko California lilionyesha kwa sokwe kwamba sehemu kubwa ya DNA ya kirusi ilitoweka kabla ini halijaumia sana. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi hivi ndivyo anavyopona mwenyewe. Mtoto mchanga ndiye anayebaki nacho: kati ya watoto 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu 9 hubaki nacho.

Kwa ugonjwa sugu, seli T zimepigana muda mrefu hadi zimechoka. Ujumbe zinaoutoa ni hafifu, hautoshi kumaliza virusi ila unatosha kuendelea kuchoma ini kidogo kidogo. Kirusi chenyewe hakiui seli za ini. Makovu yanatokana na vita hivyo visivyokwisha. Ndiyo maana mimi nakasirika sana nikisikia "dawa ya kuongeza kinga". Kinga ikichochewa ovyo, ini ndilo linaloumia.

Abu Twaha, Bombo
Mimi nilichomwa interferoni, ile ya mara moja kwa wiki, karibu mwaka mzima, chini ya daktari bingwa. Ni dawa ya kweli, lakini kila baada ya sindano nilitetemeka kwa homa, mifupa yote inauma, na nikawa mtu wa huzuni nyumbani. Damu walikuwa wanaipima mara kwa mara kwa sababu chembe nyeupe zilishuka. Virusi vilipungua, havikuisha. Mwenye ini lililokwisha kushindwa kazi hapewi kabisa. Kujichoma chumbani, hapana.

Mama Rukia, Arua
Mungu awabariki. Nimemsomea yote, amekubali kutolipa. Amebaki kuuliza: kwa nini tembe haimalizi?

Okello wa Maabara
Kwa sababu DNA ya kirusi imejificha ndani ya kiini cha seli, na tenofovia haiwezi kuiondoa. Inazuia nakala mpya tu. Hilo si dogo, dada: ini linapumzika, makovu yanaweza kupungua, na hatari ya saratani inashuka. Kliniki waombe wampime wingi wa virusi, kimeng'enya cha ALT (kinachopanda kwenye damu ini likiumia) na ultrasaundi ya ini. Wewe je, umepima?

Muuguzi wa Lira
Na watoto pia. Chanjo hii iliingia kwenye chanjo za watoto Uganda mwaka 2002, wiki ya 6, 10 na 14, kwa hiyo angalia kadi zao. Wewe ukikutwa huna, uchanjwe dozi zote tatu.