Dunia ya 3D, darasa la vidio au maabara ya kwenye simu: kipi kinafaa kwa wanafunzi wa mbali huku kwetu?

Mwl_Isevya (Tabora)

Mwangaluka wakuu. Tupo walimu wachache hapa Tabora mjini, tunafundisha sayansi kwa watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne. Wengi wanakaa nje ya mji: Urambo, Kaliua, Sikonge, wengine Igunga. Jumamosi wanapanda basi kuja darasani, na kazi za tumbaku zikipamba moto hawaji kabisa. Tumekubaliana sehemu kubwa ya masomo ihamie mtandaoni, ila kwenye njia tumegawanyika.

Mwenzetu mmoja anataka dunia ya 3D, ile ya kuingia kama avata (kikaragosi kinachokuwakilisha kwenye kioo), kutembea ndani ya maabara na kuongea na wenzako. Ameiona Second Life, dunia ya aina hiyo iliyoko mtandaoni, sasa anaota OpenSimulator, programu ya kujijengea yako mwenyewe, usiku na mchana. Mwingine anataka darasa la vidio la moja kwa moja la BigBlueButton. Mimi naelemea Moodle, mfumo wa kuweka kozi mtandaoni, yenye maabara pepe za PhET ndani yake.

Wanafunzi wana simu za Android za kawaida. Sisi tuna vile vishikwambi vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu, na chumba chenye kompyuta za mezani za zamani. Hela ya seva ipo, lakini kidogo. Naombeni sababu, msiniachie majina ya programu tu.

FundiSeva

Mwalimu, kabla hujapenda chochote piga hesabu ya bando. Vidio inayotiririka kwa Mbps 1 inakula MB 450 kwa saa. Vipindi vinne vya saa moja kwa wiki, mwezi unapita GB 7 kwa mwanafunzi mmoja. Anayenunua kifurushi cha siku kule Kaliua ataingia wiki ya kwanza, kuanzia ya pili utaliona jina lake kwenye orodha tu. Ukizima kamera ukabaki na sauti na ubao, mambo yanabadilika: sauti ya kbps 50 haifiki MB 25 kwa saa. Kwa hiyo darasa la moja kwa moja linawezekana, ila liwe la masikio na ubao. Kuonana sura subirini Jumamosi.

Dunia ya 3D ina ulaji wa aina yake. Ukiingia mara ya kwanza, programu inashusha kila ukuta, kila kiti, nguo za kila avata aliyepo, na picha zinazopakwa juu ya vitu hivyo vyote. Vikishahifadhiwa kwenye diski, mwendo wa avata wenyewe ni data kidogo sana. Lakini kila anayekuja na mavazi mapya, wote mnashusha tena. Na vitazamaji vya maana, yaani programu za kuingilia dunia hiyo, kama Firestorm, vinataka kompyuta yenye kadi ya michoro inayoeleweka. Kwa simu ulizotaja, sahau.

Binti_Nzega

Hesabu nakubali, kaka, ila unaongea kama bando peke yake ndilo linalofukuza wanafunzi. Mimi nasoma kwa masafa, chuo sikitaji. Kinachochosha ni upweke. Unafungua ukurasa wa kozi usiku watoto wakishalala, unakuta PDF, unaishusha, unafunga. Hakuna anayejua kama ulikuwepo. Second Life ilitoka 2003, na vyuo vya Ulaya na Marekani vilivyoikimbilia vilikuwa vinatafuta dawa ya jambo hilohilo: unamwona mwenzako amesimama pale, na mwalimu akimaliza mnabaki koridoni mnapiga soga. Maabara ya kwenye simu, hata ingekuwa nzuri vipi, ni mtu na kioo chake.

FundiSeva

Korido la Watanzania ni kundi la WhatsApp, dada. Tayari tunalo na linatumia MB chache.

Binti_Nzega

La salamu za asubuhi na matangazo ya misiba? Haya.

Mwambao_Kgm (Kigoma)

Binti ana hoja, msimpuuze. Mimi nafanya kazi za uwakala wa forodha, na mfano ninaoukubali wa dunia ya 3D unatoka hukohuko. Chuo cha Loyalist, Ontario, Kanada, kilijenga kituo cha mpakani ndani ya Second Life. Wanafunzi wa uofisa wa mpaka walisimama kibandani kama avata, wenzao wakaja na magari kama wasafiri, mmoja mkweli, mwingine anaficha kitu. Mpakani kwenyewe huwezi kumweka mwanafunzi akajaribu kuhoji watu, kwa hiyo pale 3D ilikuwa na kazi. Kwa vijana wanaotaka kufanya kazi Manyovu kwenye mpaka na Burundi, ningeitaka kesho asubuhi.

Sasa nijibu swali la mwalimu: sheria ya Ohm inahitaji avata? Anayejifunza saketi anahitaji betri, waya, taa na mita inayosogea akibadilisha kitu. Anayejifunza kuhoji anahitaji mtu wa kumhoji. Kwako wewe mwenye Fizikia na Kemia, PhET inatosha na kubaki.

Mwl_Isevya

Mkuu wa Kigoma, hapo umenisaidia. Na PhET bila mtandao inakaaje? Kule Sikonge ndani mtandao unakuja ukijisikia.

FundiSeva

Inakaa vizuri kuliko zote. PhET ni mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, aliuanzisha Carl Wieman mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya kupata Nobel ya Fizikia. Maabara zao za sasa zimeandikwa kwa HTML5, lugha ya kurasa za wavuti, na kila moja unaishusha kama faili moja. Ukishakuwa nalo, unalifungua kwenye kivinjari bila intaneti. Unalirusha kwa bluetooth au unaliweka kwenye memori kadi. Baadhi zina tafsiri ya Kiswahili. Ila kagua tafsiri kabla ya kuwapa, maana mtihani wao uko kwa Kiingereza, wasije wakajua "ukinzani" halafu wakashangaa karatasi ikisema neno lingine.

Zile za zamani zilizotegemea Flash, programu-jalizi ya kivinjari, ziache zilipo. Flash ilizimwa mwisho wa 2020.

Boti_ya_Kalya

Kwa sisi wa mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika hata hiyo Moodle ni safari. Jaribuni Kolibri. Unaipakia kwenye laptopu moja, unawasha waifai ya laptopu au ruta ndogo isiyo na intaneti, na simu zote za karibu zinasoma masomo, vidio na maabara za PhET kutoka pale. Kila mwanafunzi ana akaunti yake, maendeleo yanabaki kwenye laptopu, na laptopu ikifika mjini inaoanisha rekodi zake na mashine nyingine. Kwetu laptopu inasafiri kwa boti, wanafunzi hawasafiri.

Mwl_Mstaafu_Ujiji

Wanangu, nimewasoma. Mwalimu, usiwadanganye watoto kwamba maabara ya kwenye kioo inamaliza kazi. Mtihani wa vitendo utawakuta. Bureti, ule mrija wa kupimia kimiminika, inajifunzwa na mkono: kufungua koki taratibu, kusoma mstari wa chini wa kimiminika jicho likiwa usawa wake, kujua tone la mwisho lililogeuza rangi. Kwenye simu kila mtu ni hodari wa titresheni. Jumamosi zenu msizifute, zigeuzeni zote ziwe za vitendo, nadharia ndiyo muihamishie huko mtandaoni.

Mwl_Isevya

Shikamoo mwalimu. Hilo la Jumamosi tunalichukua kama lilivyo. Nauli ya Urambo mtu akiilipa, ashike bureti, asije kunakili notsi.

Binti_Nzega

Na mimi nisiondoke mikono mitupu. Mkiweka Moodle, wekeni na kipindi kimoja cha sauti kila wiki, siku na saa ileile. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2022, BigBlueButton inakuja ndani ya Moodle, hamhitaji kujenga seva nyingine. Huduma ya bure inayokuja nayo ina kikomo cha dakika 60 na watu 25 kwa kipindi, na rekodi zinafutwa baada ya siku 7. Kwa kundi dogo inatosha. Mtu akisikia jina lake linaitwa saa mbili usiku, wiki inayofuata atafungua somo.

FundiSeva

Hapo sina ubishi. Na dakika 60 ni baraka, walimu mnapenda kuongea.

Mwenzake_Mwl (Tabora)

Mimi ndiye yule wa OpenSimulator 😀 naona mmenizika bila sanda. Naomba dakika moja. OpenSim ni ya bure, ipo tangu 2007, na haihitaji intaneti: inakaa kwenye kompyuta moja, nyingine zinaingia kwa waya ndani ya chumba. Mwaka 2010 kampuni yenye Second Life ilipotangaza kufuta punguzo la vyuo, baadhi yao walihamia huko na majengo yao. Punguzo lilirudi 2013, lakini somo walilipata. Angalieni na huduma nyingine za 3D na safari pepe: AltspaceVR ilifungwa Machi 2023, Mozilla Hubs Mei 2024, Google Expeditions mwaka 2021. Aliyejenga darasa lake huko aliamka hana darasa. Kwenye OpenSim dunia yako ni faili, unainakili kwenye diski unaenda nayo.

Mwambao_Kgm

Hoja ya faili naikubali kwa asilimia mia, na ndiyo hiyohiyo inayoibeba PhET na Kolibri. Kompyuta zenu za mezani zina RAM kiasi gani na kadi gani ya michoro?

Mwenzake_Mwl

RAM GB 4. Kadi ni ile ya ndani ya ubao mama.

Mwambao_Kgm

Basi Firestorm itakuwa inatambaa. Weka Kolibri kwenye hizo kompyuta kwanza. OpenSim ijaribu kwenye laptopu yako binafsi, na ukipata mashine yenye nguvu nitafute, tujenge kituo cha Manyovu cha avata. Malori naleta mimi.

Mwl_Isevya

Imekaa hivi: Moodle na faili za PhET kwenye memori kadi, kipindi cha sauti Jumatano saa mbili usiku, Jumamosi bureti na pendula, Kolibri kwenye kile chumba. Boti_ya_Kalya, mkiwa mnaoanisha laptopu, kama wawili wamefanya zoezi lilelile kwenye laptopu tofauti, alama zinachanganyika?

Boti_ya_Kalya

Hazichanganyiki, mradi kila mmoja ana akaunti yake na kituo ("facility", yaani shule yenu ndani ya Kolibri) ni kilekile kilichosajiliwa kwenye laptopu zote mbili. Usitengeneze kituo kipya kwenye kila mashine: tengeneza kwenye moja, nyingine iingize kutoka hiyo ya kwanza. Ukivuka hapo njoo tena, kuna suala la nafasi ya diski kwenye zile chaneli (vifurushi vya masomo vya Kolibri) zenye vidio nyingi.