Nimeombwa kuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi: nikubali?

MwanaUvira: Ndugu zangu, naombeni ushauri. Nilizaliwa Uvira, nikaishi miaka kumi na mmoja katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na sasa ni mwaka wa nne nikikata nyama ya nguruwe katika kiwanda kimoja huku Iowa, Marekani. Kwenye laini yetu Waswahili tuko wengi, lakini mwakilishi wa chama hatuelewani naye lugha. Mwezi uliopita mwenzetu aliumia kiganja, akaitwa ofisini, akasaini karatasi asiyoweza kuisoma. Siku ya tatu akaachishwa kazi. Sasa chama kinaniomba niwe mwakilishi. Mke wangu anaogopa, kwani nina kadi ya ukaazi lakini uraia bado, na watoto ni wanne.

Mama Neema: Kaka, poleni sana. Sheria ya Marekani ya mwaka 1935 inayolinda haki ya wafanyakazi kuungana haibagui kwa uraia. Mwajiri akikuadhibu kwa ajili ya shughuli za chama, malalamiko hupelekwa kwa Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi ndani ya miezi 6, kwa hiyo kila tukio liandike pamoja na tarehe yake. Tena, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1975, mwanachama anayeitwa kuhojiwa juu ya jambo linaloweza kumletea adhabu ana haki ya kuwa na mwakilishi wake, ila sharti aombe mwenyewe. Mwenzenu huenda hakuomba kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwa Kiswahili, na hilo ndilo linaloniuma. Wafundishe wenzako ombi hilo kwa Kiingereza, walikariri.

Mzee wa Pumwani: Mwanangu, Makhan Singh, mtetezi wa wafanyakazi huku Kenya, alikuja Nairobi kutoka Punjab mwaka 1927, na mwaka 1935 akakifungua chama cha Wahindi kiwe cha wafanyakazi wa rangi zote. Wakoloni walimzuilia tangu 1950 hadi 1961, kwa hiyo hofu ya mkeo naiheshimu. Ukikubali, usiwe mwakilishi wa Waswahili peke yao. Wameksiko na Waburma wa laini hiyo wanashika visu vilevile.

MwanaUvira: Asanteni. Nimemsomea mke wangu yote. Ameuliza jambo moja tu: mikutano hufanyika saa ngapi, kwa sababu yeye yuko zamu ya usiku na watoto hawawezi kubaki peke yao. Kesho nitawauliza viongozi wa chama kabla sijasaini.