Madawati 40: kikundi cha mtaa chapanga kilomita

Mjumbe: Habari za jioni wanamtaa. Orodha ya watakaotembea kwa udhamini ili shule ipate madawati imefungwa, tuko 34. Kabla mtu hajaanza kumsumbua shemeji yake kwa ujumbe wa mchango, tumalize mawili leo: kila mmoja anatafuta shilingi ngapi, na hela inapita wapi.

Baba Salma: Mimi nasema elfu moja kwa kilomita. Lengo ni kilomita 60 kwa siku 30, kwa hiyo mdhamini mmoja ni 60,000. Ukipata watano una laki tatu mkononi.

Mama Junior (Hazina): Laki tatu ya kwenye karatasi hiyo, Baba Salma. "Elfu moja kwa kilomita" inatamkika kirahisi kwa sababu hakuna anayezidisha kwa 60. Siku unampelekea hesabu, simu haipokelewi. Ukitaka ya kilomita, weka ukomo tangu mwanzo: "500 kwa kilomita, mwisho 30,000". Na mimi nashauri achukuliwe hela yake sasa hivi, siyo baada ya mwezi.

Dada Neema: Sasa tukichukua mapema halafu mtu asimalize? Si tutaitwa matapeli.

Mama Junior (Hazina): Ndiyo maana ujumbe wa kuomba lazima useme wazi: hela inaenda kwenye madawati, nimalize nisimalize. Anayetaka kukubana akupe nusu leo, nusu ukifika 60. Ahadi ya kulipa yote mwisho tusiihesabu kabisa kwenye jumla.

Mjumbe: Naunga mkono. Lete hesabu yenyewe.

Mama Junior (Hazina): Dawati la watoto watatu, fundi amesema 85,000 pamoja na kulifikisha getini kwa shule. Hilo la getini niliuliza makusudi, maana hela ya kirikuu, kale kagari ka mizigo, huwa inasahaulika halafu inakula hela ya dawati zima. Tukilenga madawati 60 ni 5,100,000. Gawa kwa 34, kila mtu 150,000.

Ila shule tuiahidi 40 tu. Tukidondoka 11, wakibaki 23 waliotimiza, ni 3,450,000. Madawati 40 ni 3,400,000. Inatosha, na 50,000 inabaki. Tukifika 60 itakuwa furaha. Tukiahidi 60 tukaleta 41 tutaonekana tumekula.

Kaka Side: 150,000 mbona nyingi kwa sisi wa vibarua 😅

Mama Junior (Hazina): Usimwendee mtu mmoja. Wawili wa 30,000, wanne wa 15,000, sita wa 5,000. Jumla 150,000, watu 12. Anza na hao wakubwa. Ukianza na wa 5,000 ukawaonyesha wengine orodha, wote wanaokuja nyuma wanaandika 5,000. Na andika jina la kila mmoja kwenye ujumbe wake, usitume ule wa jumla kwa watu hamsini. Wa jumla kila mtu anadhani wenzake watajibu.

Mwalimu Rehema: Fundi mwambieni vyuma vya geji 16, siyo 18. Namba ikiwa kubwa chuma ni chembamba. Madawati yanavunjikia pale kiti kinapoungana na mguu, siyo kwenye mbao.

Mama Junior (Hazina): Nimeandika, mwalimu.

Baba Salma: Fulana je? Tuwe sare kama jogging za Temeke.

Mama Junior (Hazina): Hapana. Fulana 34 ni madawati kadhaa yaliyovaliwa mgongoni. Msijilinganishe na CRDB Bank Marathon wanaochangia upasuaji wa moyo kwa watoto pale JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Nyuma yao kuna benki nzima. Sisi kila mtu avae alichonacho, namba tunaandika kwa maka penı kwenye karatasi ngumu na pini nne.

Mama Junior (Hazina): *Makapeni. Simu hii.

Mjumbe: Hela sasa.

Mama Junior (Hazina): Isiingie kwenye namba ya mtu binafsi, hata yangu. Tumia Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, ili mdhamini akilipa aone jina hilo kabla hajaweka namba ya siri. Kutoka hapo inaenda benki, na kutoa ni saini mbili kati ya tatu: Mjumbe, mimi na Mwalimu.

Shida inayokuja ni kujua 15,000 hii ni ya nani. Ujumbe wa muamala hausemi. Kwa hiyo kila mshiriki ana namba, 01 hadi 34, na mdhamini anaiongeza mwishoni mwa kiasi. Wa Neema, namba 07, anatuma 15,007. Wa Side, namba 22, anatuma 15,022. Jioni nasoma tarakimu mbili za mwisho, nimemaliza.

Dada Neema: Akilipia kwa wakala?

Mama Junior (Hazina): Hapo inakwama, wakala hana shilingi saba. Aweke kwanza kwenye simu yake, ndipo atume mwenyewe. Na kila Jumapili usiku naweka hapa picha ya jedwali: namba, jumla, basi. Majina ya wadhamini siyaweki.

Anko wa Leicester: Salaam wote. Wengine huku wameniuliza kama nifungue ukurasa JustGiving, ule mtandao wa michango, ili waongezewe Gift Aid, zile peni 25 za serikali kwa kila pauni. Niliwaambia Gift Aid ni kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa na serikali ya Uingereza, kikundi cha mtaa hakimo. Msimwahidi mtu hiyo nyongeza. Mimi nitakusanya huku, nitume mara moja tu, maana kila kutuma kuna makato yake.

Mjumbe: Ahsante anko. Utapewa namba 00.

Kaka Side: Kilomita tunahakikije? Kuna watu watapanda boda na simu mfukoni 😂

Kocha: Boda anaonekana, kasi inamuumbua. Tabu kubwa ni programu ya simu inayopima kilomita kukatika katikati. Hizi Tecno na Infinix zina kitunza betri kinachozima programu ukifunga kioo. Ukifungua unakuta mstari mmoja mnyoofu umepita juu ya mapaa ya watu, kilomita 3 zimekuwa 1.8. Nenda kwenye mipangilio ya betri, chagua ile programu, iruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Kisha kabla hujaanza simama uwanjani dakika moja simu ishike mahali ulipo. Ukianzia kwenye kichochoro cha mabati itarukaruka.

Asiye na simu kubwa anahesabiwa kwa njia iliyopimwa. Msihesabu hatua, za mfupi na mrefu hazilingani.

Na msifanye zote wiki ya mwisho. Kilomita 3 kwa siku 20 ndizo 60, siku 10 za kupumzika. Ni dakika 35 hadi 40 za kutembea kwa nguvu. Anayelimbikiza akaenda 12 siku moja ndiye huyo wa goti na malengelenge.

Mama Nasra: Shikamooni wakubwa. Sisi wa presha na sukari?

Kocha: Marahaba mama. Kamuone kwanza daktari wako. Dawa usiache siku ya mazoezi. Wa sukari mfukoni pipi au soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari. Akianza kutetemeka au kutoka jasho la baridi anasimama, anakunywa, na hatembei tena siku hiyo. Jioni akague nyayo kwa kioo. Maji kunywa kwa kiu. Kujaza lita na lita kwa saa moja kunapunguza chumvi mwilini, nako ni hatari.

Viatu vya mtumba vinafaa, ila kunja soli kabla hujalipa. Gundi kavu inapasuka palepale, bora ipasukie kwa muuzaji.

Mwalimu Rehema: Siku ya mwisho tufanyie ndani ya uwanja wa shule, tusiende barabarani. Msafara wa barabarani unataka taarifa ya maandishi polisi, angalau saa 48 kabla. Uwanjani ni barua kwa mwalimu mkuu na nakala serikali ya mtaa. Na watoto wasipewe makopo ya kukusanya hela, hilo sitaki kuliona.

Kocha: Vizuri. Kilomita 5 za kumalizia: tunachora mstatili wa mita 75 kwa 50. Mzunguko mmoja ni mita 250, kwa hiyo 20. Kila kona tairi la zamani, mtu apite kwa nje, la sivyo kona zinakatwa na kila mzunguko unapungua. Kuanza saa 12 na nusu asubuhi, saa 3 jua halijatushika tumeshafunga.

Kuhesabu: kila mtu anapewa vizibo 20 vya soda kwenye kifuko. Akipita mezani anatupa kimoja kwenye karai. Kifuko kikiisha, amemaliza, hakuna ubishi. Jumla vizibo 680, vya baa vipo. Ila vikandamizeni kwa nyundo kwanza. Kisipokandamizwa kinapandana na mwenzake, unatupa viwili ukidhani kimoja. Na mtu mmoja akae kwenye karai asikilize: kila mpitaji ni mlio mmoja tu wa kizibo, "ngwe".

Kaka Side: Vizibo niachieni mimi 🙋🏾‍♂️

Mjumbe: Tulijua. Nani ana futi ndefu, ya mita 50?

Baba Salma: Fundi wa nyumba ya pili kutoka msikitini anayo. Naifuata kesho baada ya alasiri.