Baridi yabisi mikononi: mnajipangaje kati ya kliniki moja na nyingine?

FundiCherehani_Moro:

Habarini wapendwa. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 41, nipo Morogoro. Vidole vilianza kuvimba wakati wa msimu wa sare za shule, mikono yote miwili kwa pamoja. Asubuhi vinakakamaa, mkasi haushikiki mpaka jua liwe limepanda. Nimezungushwa na dawa za maumivu muda mrefu, hadi nikafika kwa daktari wa viungo Dar. Akapima damu, akasema ni baridi yabisi ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo. Nimeanzishiwa methotreksati, vidonge vya mara moja kwa wiki, pamoja na asidi ya foliki. Nikapime damu hapa hapa Morogoro baada ya wiki chache, ila kumwona daktari mwenyewe ni miezi mitatu ijayo.

Swali langu ni hiyo miezi mitatu naishije? Ni wiki ya tatu sasa na sioni tofauti. Nina oda za watu na watoto wanasoma. Tafadhali msiniambie nipumzike tu, nikipumzika hatuli. Wenye uzoefu mnatumia nini? Daftari, programu ya simu, mazoezi, vifaa? Kuna siku natamani kuziacha hizi dawa.

MwanaPangani:

Pole sana dada. Shangazi yangu alikuwa hivyo hivyo. Alichemsha tangawizi na manjano asubuhi na jioni, halafu kuna unga aliletewa kwenye chupa, usiku mmoja tu akaamka anatembea. Dawa za hospitali akaziweka kando. Nikuulizie?

BiMwalimu_Tanga:

Mwanangu fundi, pole. Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Tanga, na ugonjwa huu ulinianza nikiwa bado nashika chaki. Nitakuandikia kwa urefu kwa sababu nakujua ulipo.

Kwanza dawa, maana hapo ndipo wengi wanapoachia njiani. Methotreksati si kama diklofenaki unayomeza na kusikia nafuu jioni. Huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi yake, kwa hiyo wiki ya tatu bado ni mapema mno kuihukumu. Inachozuia ni kiungo kuliwa ndani kwa ndani, na kiungo kikishalika hakirudi. Chagua siku moja, iandike kwa jina lake juu ya boksi la dawa na kwenye kalenda ya ukutani. Kwangu ni Ijumaa baada ya chakula cha usiku, hata wajukuu wanajua. Asidi ya foliki nameza Jumapili. Nasisitiza siku kwa sababu dawa hii ikimezwa kila siku kwa kuchanganyikiwa inaweza kuua. Na tarehe yako ya kupima damu usiiache ipite, maana ini na chembe za damu haviumi vinapoanza kuharibika. Pombe nayo kaa nayo mbali.

Ukienda zahanati kwa kikohozi au mkojo kuuma, kabla hawajakupa chochote sema: natumia methotreksati. Septrin haichanganywi nayo, inaweza kushusha chembe za damu kwa kiwango cha hatari, na ile SP ya malaria nayo inapingana na foliki vilevile. Mimi nimeandika kikaratasi nikakibandika nyuma ya kadi yangu ya bima, ili hata nikiletwa sijitambui kisomeke. Ukipata homa, pima malaria, lakini isipoonekana usirudi kulala. Dawa zetu zinapunguza kinga, homa lazima itafutiwe chanzo, na daktari ndiye aseme kama dozi ya wiki hiyo uiruke.

Mdogo wangu MwanaPangani, tangawizi kwenye chai siikatai, hata mimi nakunywa. Huo unga wa chupa isiyo na jina ndio unaonitisha. Dawa za aina hiyo zimewahi kupimwa zikakutwa zimetiwa steroidi kimyakimya, ndiyo maana mtu anaamka anatembea. Ukizitumia muda mrefu zinapandisha sukari na kudhoofisha mifupa, na ukikatisha ghafla mwili unaanguka. Mpeleke shangazi akapimwe, tafadhali. Na huo unga asiukatishe ghafla kabla ya kuonana na daktari, auchukue aende nao.

Sasa daftari. Kama utachukua kitu kimoja tu kwangu, chukua hili. Daftari la kawaida la shule linatosha. Kila asubuhi naandika mistari mitatu: nimeamka saa ngapi na mikono imefunguka saa ngapi, maumivu kwa alama kati ya 0 na 10, na kazi moja ambayo mikono imeikataa. Usiandike "naumwa sana". Andika "nimeshindwa kufunga kifungo", "nimeshindwa kufungua chupa ya maji", "mkasi umenidondoka". Mara moja kwa wiki nachora viganja viwili, natia duara kwenye kifundo kilichovimba na alama ya x kwenye kinachouma nikikibonyeza. Madaktari wa viungo wana kipimo chao cha viungo 28: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vifundo vya vidole vya mikono, na magoti. Nyayo hazimo. Mimi nachora na nyayo, kwa sababu kwangu ndizo zinazowaka zaidi, na daktari haoni kilichomo ndani ya kiatu.

Sisi tumelelewa kuulizwa "unaendeleaje?" na kujibu "namshukuru Mungu". Jirani linamtosha. Daktari mwenye foleni nje ya mlango halimpi la kufanyia kazi. Nilipomfungulia wangu kurasa zinazoonyesha kuwa kukakamaa kwa asubuhi kumepanda kutoka nusu saa hadi saa mbili na zaidi, na nyayo zimejaa maduara, hakuuliza mengi. Dawa ilibadilishwa siku ile ile.

Programu za simu zipo, na kijana akiipenda aitumie. Mimi naona nyingi ni za Kiingereza na zinataka ubonyeze vitufe vidogo kwa vidole vile vile vinavyouma. Siku mkono ukikataa kalamu, jirekodi sauti kwenye simu, dakika moja, uandike baadaye.

Kuhusu kazi. Panga siku yako kwa saa za mikono. Asubuhi pokea wateja, pima vipimo, panga oda. Kukata vitambaa kuanze mikono ikishafunguka, labda saa nne au saa tano. Kabla ya hapo tia mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, uvifungue na kuvikunja vidole ndani ya maji. Kifundo kikiwa chekundu na cha moto, hapo ni kitambaa cha maji baridi. Mkasi uwe mkali kila wakati, maana butu ndio unaokula kidole gumba. Ipo mikasi yenye springi, inajifungua yenyewe. Mishikio ya mkasi, kisu na mwiko izungushie kitambaa au tyubu ya baiskeli ili iwe minene, mkono usihitaji kukaza. Ukiweza kufunga mota kwenye cherehani, funga, magoti na vifundo vya miguu vitakushukuru.

Nyumbani, kanuni yangu ni kubebesha kiungo kikubwa kazi ya kiungo kidogo. Mfuko wa sokoni ning'iniza kwenye kiwiko au begani. Ndoo jaza nusu, nenda mara mbili. Sufuria shika kwa viganja viwili, si kwa ncha za vidole. Nguo usizinyonge, zitundike zikichuruzika. Nazi nanunua iliyokwisha kukunwa, kwenye mbuzi sikai tena. Ugali nasonga wa watu wawili, wa watu wengi anasonga mwanangu wa kiume.

Na siku nzuri ziogope kidogo. Ndizo tunazofanya kazi za wiki nzima, kisha kesho yake hatuamki. Pumzika kabla hujachoka: shona, simama, nyoosha mikono, kunywa maji, rudi. Umesema usiambiwe upumzike, nami sikuambii ufunge duka. Nakuambia uigawe kazi.

Fizio_wa_Wilaya:

Bi Mwalimu kasema karibu yote. Mimi ni mtaalamu wa viungo, naongeza mawili.

Wengi wanaogopa kuwa mazoezi yatachakaza vidole. Uingereza kulifanyika utafiti wa mazoezi ya mikono kwa watu 490 wenye ugonjwa huu, matokeo yakachapishwa 2015. Waliofundishwa mazoezi ya kunyoosha na kutia nguvu, wakayafanya nyumbani, mikono yao ilifanya kazi vizuri zaidi baada ya mwaka kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na hayakuwaletea madhara. Hapa kwetu donge la unga uliokandwa au sponji vinatosha kwa kuminya. Kunja ngumi taratibu, kunjua, tanua vidole, gusisha gumba na kila kidole. Kiungo kikiwa kimevimba cha moto, acha kuminya, baki na kunyoosha tu.

La pili, mpango wa wiki. Muuguzi Kate Lorig wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianzisha mwishoni mwa miaka ya 1970 mafunzo ya wagonjwa wa viungo kujisimamia, wakiongozwa na watu wa kawaida, wengi wao wagonjwa wenyewe. Chombo chao kikubwa ni hiki: kila wiki chagua jambo moja unalolitaka wewe, useme kiasi gani, lini, mara ngapi. Kisha jiulize una hakika kiasi gani utaliweza, kati ya 0 na 10. Ikiwa chini ya 7, lipunguze mpaka ulimudu. "Nitafanya mazoezi" haihesabiki. "Nitaminya sponji dakika tano baada ya chai, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa" ndiyo yenyewe.

FundiCherehani_Moro:

Bi Mwalimu, shikamoo. Nimesoma nikalia. Nimeshanunua daftari, na kikaratasi cha Septrin nimekiweka kwenye pochi. Dawa siachi. Mpango wangu wa wiki hii ni kutokata kitambaa kabla ya saa nne, siku zote sita za kazi. Uhakika nimejipa 8, kwa sababu binti yangu amekubali kupokea wateja asubuhi kipindi hiki cha likizo.

Nina la kuuliza ambalo kwa daktari niliona aibu, mume wangu alikuwa pembeni. Tulikuwa tunatafuta mtoto wa mwisho. Niseme?

BiMwalimu_Tanga:

Marahaba mwanangu. Useme, tena mapema. Nawaachia wenye taaluma.

Muuguzi_Kliniki:

Dada fundi, usisubiri hiyo miezi mitatu. Piga simu kliniki wiki hii, hata kabla ya Ijumaa kama ndiyo siku yako ya dawa. Mimba haitakiwi kuingia ukiwa kwenye methotreksati. Inaweza kutoka, au mtoto akaumbika na kasoro. Tumia uzazi wa mpango wa uhakika kuanzia sasa, na kama hedhi imechelewa hata kidogo, usimeze dozi inayofuata mpaka upime.

Haina maana kwamba mtoto hapatikani. Daktari akijua mapema, methotreksati husimamishwa kwa muda kabla ya kuanza kutafuta, na zipo dawa za ugonjwa huu huu zinazotumika wakati wa ujauzito, kama salfasalazini na haidroksiklorokwini. Kubadilisha kunafanywa na yeye, ili ugonjwa usilipuke katikati. Asidi ya foliki usiiache. Kama mbele ya mume ni vigumu, omba kuzungumza na muuguzi peke yako unapofika, ni haki yako, au liandike kwenye hilo daftari, mstari wa kwanza kabisa, umpe daktari asome.