Fimbo ya mwanzi ya babu au kaboni mpya: ipi nivulie trauti?

Mjukuu_wa_Gura (Othaya)
Hamjambo wadau. Babu yangu aliwatembeza wageni wavuvi kando ya Mto Gura tangu kabla ya uhuru, akiwabebea kikapu na wavu. Mmoja wao alipokuwa anarudi kwao alimwachia fimbo yake ya kuvulia kwa nzi wa bandia. Ni ya mwanzi uliopasuliwa, vipande vitatu na ncha moja ya akiba, futi 8 na nusu, na juu ya mpini imeandikwa Hardy, kampuni ya Uingereza ya fimbo, na neno Palakona, jina la fimbo zao za mwanzi. Babu alifariki, fimbo ikakaa miaka juu ya kabati ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Juzi nimeishusha. Ncha moja imepinda, vanishi imepasukapasuka, na nyuzi za hariri zinazoshika pete za kupitishia mshipi zimeanza kufumuka. Niitengeneze nivulie, au niiache ipumzike ninunue ya kaboni? Naomba nisikie kwa mtu aliyezishika zote mbili.

Kaka_Ruhudji (Ifakara)
Mkuu, nunua kaboni. Mimi naongoza wageni wanaovua taigafishi kwenye mito ya Ruhudji na Mnyera, bonde la Kilombero. Huku ni fimbo namba 9, yaani ya mshipi mzito, nzi mkubwa kama kidole, waya mbele ya ndoana kwa sababu ya yale meno, na unarusha tangu alfajiri hadi jua linazama. Fimbo ya mwanzi yenye nguvu hiyo ingekuwa nzito mno, saa nne asubuhi bega limekwisha. Kaboni inarudi haraka baada ya kupinda, kwa hiyo mshipi unatoka na kasi na unapasua upepo. Samaki akishika, una nguvu ya kumzuia asiingie kwenye magogo. Ya babu itunze, ni kumbukumbu.

Fundi_Randa (Nanyuki)
Kaka wa Ifakara kwa mto wako umesema kweli tupu. Lakini Gura si Ruhudji, na trauti si taigafishi. Mjukuu, ngoja nikueleze ulichoshika kabla hujakitundika ukutani.

Mwanzi ule ni wa kusini mwa China, unaitwa Tonkin. Fundi anaupasua, anapiga randa vibanzi sita vya pembetatu, kisha anavigandisha viwe kitu kimoja chenye pande sita. Nguvu yote iko kwenye nyuzi zilizo chini tu ya ganda la nje, ndiyo maana randa hupita pande mbili za ndani, ganda haliguswi. Niliwahi kujaribu mwanzi wetu wa Aberdare. Tabaka la nyuzi ngumu lilikuwa jembamba, na nilipofikia unene wa ncha kilichobaki mkononi kilikuwa laini kama makuti. Tangu hapo namheshimu aliyeuchagua Tonkin.

Kilichoua biashara ya mwanzi kwa sehemu kubwa ni siasa. Mwaka 1950 Marekani ilifunga biashara na China, mianzi ikakosekana kwa viwanda vyake, na faibaglasi iliyokuwa imeshaanza kuuzwa ikachukua soko. Kaboni ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo usidhani mwanzi uliachwa kwa sababu haukufaa.

Sasa ikague. Shika kila kipande karibu na sikio, kipinde polepole. Ukisikia mlio mdogo wa "tik", gundi imeachia au kiungio kimelegea. Tazama mistari ya gundi kwenye mwanga wa jua: ukiona ufa mweusi, usirushe nayo. Gundi za zamani zilitokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na maji na joto ndio adui zake, hivyo usiiache kamwe ndani ya gari lililofungwa juani. Viungio vya metali vivute moja kwa moja, usivizungushe kama unafungua chupa, utapasua vibanzi. Ncha iliyopinda hunyooshwa kwa joto dogo, lakini hiyo niachie mimi.

Mama_Burguret (Naro Moru)
Mnasahau faibaglasi, nyote wawili. Ninayo ya futi 7 namba 4, ya manjano, niliinunua mitumba. Imeangukia mawe, watoto wameipigia maembe, iko vilevile. Kaboni yangu ya kwanza ilikufa kwenye mlango wa gari. Ya pili, nzi mwenye shanga ya shaba aliigonga wakati narusha, sikuona hata alama. Wiki iliyofuata nikamwinua samaki mdogo wa kukaanga, ikakatika kama tambi kavu. Nyuzi za kaboni ni ngumu karibu mara tatu ya zile za kioo za faibaglasi, nao ugumu huo ndio unaoipa wepesi, ila kidonda kidogo tu kinatosha kuimaliza.

Mto wangu una upana wa sebule. Miti imefunika pande zote, trauti amelala mita sita mbele yangu. Kaboni kali haijui la kufanya hapo, maana mshipi uliotoka nje ni mfupi na hauna uzito wa kuipinda. Faibaglasi inapinda kwa huo huo kidogo, nzi anatua bila kishindo.

Jingine, Mjukuu: kaboni hupitisha umeme. Milima yetu mchana hupiga radi. Ukisikia ngurumo ya kwanza, laza fimbo chini uondoke majini, na usiinyanyue kamwe chini ya nyaya za stima. Hata ya mwanzi ikilowa usiiamini.

Mto_Madison (Montana, Marekani)
Nimezaliwa Nyeri, sasa naishi Bozeman, na ninazo zote tatu. Mwaka jana nilibishana na rafiki mpaka nikaenda uwanjani na sahani. Niliiweka kwenye nyasi mita 7, kisha 12, kisha 20, nikarusha mara kumi kwa kila fimbo, uzi na nzi vilevile.

Mita 7: mwanzi mara 8 nzi alitua ndani au kando tu ya sahani, faibaglasi 7, kaboni 5. Mita 12 zote zilikaribiana, sikuona tofauti ya kubishania. Mita 20, upepo ukinipiga usoni: kaboni 6, faibaglasi 3, mwanzi 2, na zile mbili za mwanzi nilizifikia kwa kulazimisha mkono. Kwenye mizani ya jikoni mwanzi wa futi 8 ulikuwa gramu 122, kaboni ya futi 9 gramu 82, zote namba 5. Gramu 40 ni kitu kidogo ukizishika dukani, lakini kwenye fimbo uzito ule uko mbali na mkono, na jioni kiganja kinajua.

Mjukuu, je, kuna herufi karibu na mpini? Zamani mishipi ilipimwa kwa unene na kuandikwa kwa herufi, mfano HDH, ambayo ni kama namba 6 ya sasa. Namba tunazotumia zilikuja 1961 na zinapima uzito wa futi 30 za mwanzo za mshipi. Namba 5 ni kama gramu 9. Ukiivalisha fimbo ya zamani mshipi usiofaa utailaumu bure. Nimeona watu wakiziita "legelege" kumbe wameweka mshipi wa namba mbili zaidi.

Mjukuu_wa_Gura (Othaya)
Asanteni sana. Dada wa Burguret, la radi sikuwahi kulifikiria. Hakuna herufi. Nimesikiliza kila kipande sikioni: cha chini na cha kati kimya, ncha iliyopinda kimya, ncha ya akiba inalia "tik" karibu na kiungio. Fundi, hiyo ndiyo gundi?

Fundi_Randa (Nanyuki)
Inaweza kuwa gundi, inaweza kuwa kiungio. Usiitumie. Niletee ile iliyopinda kwanza. Na usinunue vanishi ya milango ukaipaka kwa brashi nene, nimeshaletewa fimbo iliyogeuka mguu wa meza. Anza na mshipi namba 5. Ikionekana inausubiri mshipi, yaani haipindi vya kutosha, panda 6.

Kaka_Ruhudji (Ifakara)
Nimesoma yote. Kwa mita sita chini ya miti nakubali, fundi. Kwa mto mpana bado siachi kaboni yangu.

Mjukuu_wa_Gura (Othaya)
Narudi baada ya wiki tano. Fundi aliinyoosha ncha, akafunga pete upya kwa hariri ya kijani, akapaka vanishi tabaka tatu nyembamba. Namba 5 ndiyo iliyokubali. Jumamosi nilishuka Gura chini ya daraja, mahali babu alipozoea kuwasimamisha wageni wake. Trauti wa kwanza kwenye mto huu waliletwa kutoka Loch Leven huko Scotland mwaka 1905, na babu alikuwa akiwaambia wageni hivyo kabla hawajafungua mifuko yao.

Nilirusha polepole, nikangoja mshipi unyooke nyuma yangu. Mara ya nne nzi alitua kando ya jiwe, maji yakavimba kidogo. Samaki hakuzidi sentimita 25, lakini kila alipotikisa kichwa nilihisi ndani ya mpini, mtikisiko mmojammoja, mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nilikuwa na kaboni ya kuazima siku hiyo hiyo. Nayo ilimleta samaki, haraka zaidi, ila ule mtikisiko sikuupata.

Kaboni nitanunua kwa ajili ya bwawani, kule upepo hauna huruma. Fundi, ncha ya akiba nakuletea Jumanne uikague kabla mvua hazijaanza.