Nebula ya Kaa: mbona picha ya Chandra ni ndogo kuliko ya Hubble?

Kesha_Nje: Wakuu, nisaidieni. Nimepandanisha picha mbili za Nebula ya Kaa, lile wingu la mabaki ya nyota iliyolipuka, kwa kipimo kimoja. Ya Hubble, darubini ya angani ya mwanga wa kawaida, imejaa nyuzinyuzi mpaka kingoni. Ya Chandra, darubini ya angani ya eksirei, ni pete tu na mchirizi unaochomoka katikati, na yote inaingia ndani ya ile ya kwanza, nafasi inabaki. Mlipuko si ni uleule ulioonekana mwaka 1054? Halafu pulsa yenyewe, yaani kile kiini cha nyota kilichobaki katikati, ina upana wa kilomita 20 hivi. Inawashaje kitu cha miaka nuru 11?

BintiFalaki: Umezipanga sawasawa, ndugu yangu. Eksirei anazoziona Chandra zinatoka kwa elektroni zenye nishati kubwa mno, zinazojizungusha kwenye uga wa sumaku. Elektroni ya namna hiyo hung'aa sana na kuishiwa upesi, haifiki kingoni. Zenye nishati ndogo zaidi hudumu na kusambaa mbali. Ndizo zinazotoa ule mwanga hafifu wa ndani kwa Hubble. Nyuzinyuzi ni gesi ya nyota iliyolipuka, na mpaka leo inakimbia kama kilomita 1,500 kwa sekunde.

Kinachowasha ni mzunguko. Pulsa inajizungusha mara 30 kwa sekunde, na inapunguza mwendo polepole sana. Lakini ni mzigo mzito kuliko Jua, kwa hiyo nishati inayopotea hapo inazidi ya Jua mara laki moja.

Mimi kilichoniteka ni picha za mfululizo, Novemba 2000 hadi Aprili 2001. Nilitia nukta ya kalamu ya kufutika kwenye kioo cha kompyuta, juu ya utepe mmoja mwembamba karibu na pete ya ndani, nikafungua picha iliyofuata. Utepe ulikuwa umeshaihama nukta! Kitu kiko umbali wa miaka nuru 6,500, na unakiona kikitembea, kwa nusu ya kasi ya mwanga. Nilirudia mpaka kioo kikajaa nukta.

Mzee_Darubini: Naongezea. Angahewa inazimeza eksirei zote, ndiyo maana darubini za eksirei lazima ziwe juu. Mwaka 1964, kabla ya Chandra, wanasayansi walirusha roketi wakati Mwezi unaifunika Nebula ya Kaa. Eksirei hazikukatika ghafla, zilififia kidogo kidogo. Wakajua chanzo chake si nukta moja, kina upana.

Kesha_Nje: Asante sana, mzee wangu, na wewe dada. Na ile buluu ya Chandra ni rangi yake kweli?

BintiFalaki: Hapana, eksirei hazina rangi kwa jicho, watu huzipaka ili tutofautishe. Ukitaka kujaribu nukta, chukua za Hubble kwanza. Pulsa ni mojawapo ya nyota mbili zilizokaribiana katikati, ile ya chini kulia. Tafuta tepe upande wa kaskazini-magharibi yake, yaani juu kulia.