Mlisho binafsi wa RSS kutoka kwenye wiki

Swali: Ndugu wanajamvi, ninawezaje kufuatilia maangalizi yangu (orodha ya kurasa ninazofuatilia) kwenye wiki inayotumia programu ya MediaWiki kwa RSS (mlisho unaoleta mabadiliko mapya kwenye programu ya kusomea) bila wengine kujua kurasa ninazozifuatilia?

Jibu: Mkuu, kwa kuwa programu nyingi za kusomea milisho haziingii kwenye akaunti kama kivinjari, MediaWiki humpa kila mtumiaji tokeni ya siri (mfuatano wa herufi na tarakimu unaotumika kama ufunguo) inayoambatanishwa na anwani ya mlisho kwa kigezo cha wltoken; tokeni ikivuja, utaibadilisha kwenye mapendekezo yako (mipangilio ya akaunti) bila kugusa nywila.

Jibu: Naongezea kwamba yeyote aliye na anwani hiyo atausoma mlisho, hivyo itumie kwa HTTPS (muunganisho uliosimbwa) tu, na usimpe mtu faili lako la OPML (orodha ya anwani za milisho yako), kwani anwani yenye tokeni imo humo.

Muuliza swali: Shukrani, wakuu. La OPML sikulifikiria kabisa.